Taa za mbele za gari: maswali tunayoulizwa kila jioni garajeni, Lubumbashi

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Maswali haya nimeyaandika jinsi wateja wanavyoyauliza, na majibu jinsi ninavyoyatoa nikiwa na turnevisi, yaani bisibisi, mkononi. Tuelewane kwanza kwa maneno. Ampule ni ile wengine wanaita balbu. Kodi ni taa za chini, za kupishana. Plenfare ni taa za juu, za njia tupu. Bakuli ni ile sehemu ya ndani inayong'aa kama sahani ya fedha na kuurusha mwanga mbele.

Fundi, gari yangu haioni usiku. Ninunue ampule gani kali?

Usinunue kitu bado, Papa. Washa taa, tusogee nyuma hatua kumi tuitazame. Mara nyingi ampule haina kosa. Kioo cha taa kimefifia, au umeme hauifikii ampule wote, au taa inaangalia pasipo barabara. Ukitia ampule kali kwenye gari lenye moja ya shida hizo, umelipa pesa ili umpige macho mwenzako vizuri zaidi, nawe uendelee kutoona.

Mimi huanza na kioo, halafu umeme, halafu uelekeo. Ampule naigusa mwisho. Wateja hawapendi mpangilio huu kwa sababu ampule ndiyo kitu pekee kinachokuja ndani ya boksi zuri.

Kioo cha taa kimekuwa cha njano. Dawa ya meno inasaidia kweli?

Inasaidia wiki chache. Magari mengi ya siku hizi hayana kioo cha kweli, ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Ikitoka kiwandani ina ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Jua la miaka likishaila ngozi hiyo, plastiki inageuka njano na kupasukapasuka juujuu, na kila mpasuko unautawanya mwanga. Ndiyo maana gari lenye taa za njano linaona vibaya na wakati huohuo linaudhi wanaokuja. Mwanga upo, ila umetapanyika.

Dawa ya meno inang'arisha juu tu. Kazi yenyewe ni msasa wa maji: namba 800, kisha 1000, kisha 2000, kila mmoja mpaka mikwaruzo ya uliotangulia iishe, halafu dawa ya kung'arisha, na mwisho rangi ya uwazi yenye kinga ya jua. Huo mwisho ndio mafundi wa haraka wanauruka. Bila kinga, jua letu la Septemba litairudisha njano kabla hujasahau ulilipa kiasi gani. Zibandike rangi za mwili wa gari kwa utepe kabla ya kuanza, la sivyo msasa utakula boneti.

Wenye Land Cruiser za zamani zenye taa za kioo halisi, ninyi osheni tu.

Nitajuaje ampule yangu ni ya aina gani?

Ichomoe uisome, imeandikwa kwenye kitako. H4 ina nyuzi mbili ndani yake, ya kodi na ya plenfare, na ina miguu mitatu. H7 na H11 zina uzi mmoja, kwa hiyo gari lina ampule mbili kila upande. Magari ya Japani hupenda pia HB3 kwa plenfare na HB4 kwa kodi. Ukiona D2 au D4, hiyo ni xenoni ya kiwandani, taa ya gesi isiyo na uzi: usiiguse taa ikiwa inawaka. Kiwashio chake hutoa zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuanza.

H4 ya kawaida ni wati 60 kwa plenfare na 55 kwa kodi. Kwa lumeni, yaani kiasi cha mwanga, ni kama 1,650 juu na 1,000 chini. Namba hizo uzikumbuke, zitatusaidia tukifika kwenye maboksi ya LED.

Kuna za wati 100 kwa 90 sokoni, na bei si mbaya. Kwa nini unazikataa?

Kwa sababu niliwahi kuzitia. Nilikuwa kijana, mteja alisisitiza, nikasema sawa. Siku nne baadaye akarudi na taa moja imezimika. Nilipovuta soketi haikutoka, ilikuwa imeyeyuka na kushikamana na miguu ya ampule kama sukari iliyoungua. Ilibidi nikate waya. Bakuli nalo lilikuwa na doa la kahawia juu ya ampule, pale joto linapopanda. Bakuli likishaungua halirudi. Taa nzima nilimlipia mimi.

Hesabu yake ni rahisi. Wati 55 kwa volti 12 ni ampea 4.6 hivi. Wati 90 ni 7.5 kwa kila upande, na plenfare ya wati 100 ni zaidi ya 8. Waya, swichi na soketi za kiwandani zilipimwa kwa ile ndogo. Halafu kuna fundi atakayekuambia, fizibo (fyuzi) ikikatika tia kubwa zaidi. Huyo mkimbie. Fizibo ikikatika inakuambia waya hauwezi. Ukiinyamazisha, kitakachofuata kuungua ni waya wenyewe.

Basi nipate wapi mwanga zaidi bila kuongeza wati?

Katika umeme unaopotea njiani. Hapa ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa.

Ampule ya halojeni, yaani hizi za uzi kama H4, ni kitu cha ajabu: ukipunguza volti kidogo, mwanga unaporomoka sana. Ikipata volti 12 badala ya 13.2, inapoteza zaidi ya robo ya mwanga. Ikipata 11, imebaki nusu na kidogo. Mtu anaona taa za rangi ya chai, anasema ampule imezeeka.

Kupima ni dakika tano. Injini ikiwaka na kodi zikiwaka, weka mita kwenye batri. Tuseme inasoma 14. Kisha pima kwenye miguu ya ampule yenyewe, kwa nyuma ya soketi. Ukipata 13 na zaidi, waya ni wazima. Ukipata 12 kushuka, mna mwizi njiani. Mara nyingi mwizi ni masi, ule waya wa kurudi uliofungwa kwenye bati la gari. Tope jekundu na maji ya mvua vikikutana pale, kutu inaota chini ya skrubu. Fungua, kwangua mpaka bati ling'ae, funga, paka grisi. Kuna magari yamepona hapo hapo bila kununua kitu.

Kama masi ni nzuri na bado kuna upungufu, tunatia rele, swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Waya mpana wa milimita za mraba 2.5 au 4 unatoka batri, unapita kwenye fizibo iliyo karibu na batri, unaingia mguu wa 30 wa rele, unatoka mguu wa 87 kwenda kwenye taa. Waya wa zamani wa swichi unabaki na kazi moja tu, kuiamsha rele kwa miguu ya 85 na 86. Swichi ya usukani nayo inapumua. Rele moja ni ya kodi na nyingine ya plenfare. Zifunge miguu ikiangalia chini ili maji yasitulie ndani.

Na zile zinazoandikwa "mwanga zaidi asilimia 100" au 150?

Kama zinatoka kampuni inayojulikana na wati ni zilezile 60/55, si uongo wote. Uzi wake ni mwembamba na umekazwa zaidi, kwa hiyo mwanga mwingi unafika mahali fulani pa barabara. Ile asilimia ni ya pale panapong'aa zaidi, si ya taa nzima. Malipo yake ni maisha mafupi. Mtu wa taksi anayewasha kila usiku atazibadilisha mara nyingi. Mwenye safari ya Likasi mara moja kwa mwezi atazipenda.

Halafu nunua mbili, ubadilishe mbili.

Vijana wote wanatia LED. Je, ni mbaya?

LED yenyewe si mbaya. Gari lililotoka kiwandani na LED, bakuli au lensi yake ilichorwa kwa ajili ya LED. Tatizo ni kuitia kwenye bakuli lililochorwa kwa ajili ya uzi wa halojeni.

Shika H4 ya kawaida uitazame karibu. Uzi wa kodi umelala juu ya kijiko kidogo cha chuma. Kijiko hicho kinazuia mwanga usishuke nusu ya chini ya bakuli, kwa sababu mwanga ukipiga nusu ya chini unarushwa juu, machoni pa watu. Bakuli linajua uzi upo wapi kwa sehemu ya milimita. Sasa unaleta LED ambayo vipande vyake vya mwanga ni vipana zaidi, vimekaa mbele kidogo au nyuma kidogo, na kijiko chake ni cha mapambo. Ukutani utaona mwanga mweupe mwingi usio na mstari. Unapendeza sana ukiwa garajeni. Barabarani, karibu na boneti panang'aa kama mchana, na kwa mbali ambako ulitaka kuona hakuna kitu. Jicho likishazoea ule mng'ao wa karibu, la mbali ndiyo kabisa halioni.

Zipo LED zilizotengenezwa vizuri. Ujerumani tangu 2020 wameruhusu chache zitumike badala ya halojeni, na kila moja ina orodha ya magari inayokubaliwa. Fikiria basi: hata ile nzuri haikubaliwi kila gari. Ukitaka kujaribu yako, fanya hivi. Vipande vya mwanga viangalie kushoto na kulia, si juu na chini. Kisha pima ukutani kama nitakavyoeleza. Mstari ukiwa safi kama wa halojeni, endelea. Ukiwa na ukungu juu ya mstari, mrudishie muuzaji.

Kuhusu boksi: limeandikwa lumeni 20,000, na wati 30. Gawanya uone. LED nzuri kweli hutoa lumeni mia moja na kitu kwa wati, basi. Hiyo 20,000 aliiandika mtu wa kuchapa maboksi.

Jambo la mwisho ni feni. LED nyingi zina kifeni mgongoni. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi letu jekundu linaingia kila tundu. Feni ikikwama, LED inapata joto, mwanga unashuka, inakufa. Na kama redio imeanza kukoroma kila ukiwasha taa, ni hiyohiyo.

Xenoni ya kit, ile ya kununua na kujitilia, je?

Hapana. Xenoni ya kawaida ya wati 35 hutoa lumeni 3,200 hivi, mara tatu ya kodi ya H4. Kwa kanuni za Ulaya, taa ya chini ikipita lumeni 2,000 ni lazima gari liwe na mtambo wa kujisawazisha wenyewe na wa kuosha vioo vya taa, kwa sababu makosa madogo ya mwanga mkubwa ni makosa makubwa. Wewe unaitia kwenye bakuli la IST yenye vumbi. Siifungi.

Gari yangu imetoka Japani, kila kitu ni kipya, ampule za kawaida, lakini kila ninayekutana naye ananiwashia plenfare. Nimekosa nini?

Hili ndilo swali ninalolisubiri. Hujakosa kitu. Taa zako ziliundwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Mwanga wa kodi haulingani pande zote mbili. Upande wa dereva anayekuja unakatwa chini, umelala, usimpige macho. Upande wa ukingo wa barabara unapanda kama mteremko wa paa, digrii 15 hivi, ili uone vibao, waenda kwa miguu na baiskeli. Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo taa zao zinapanda kushoto. Gari linateremka Dar es Salaam, Tanzania kushoto. Linavuka Nakonde, Zambia kushoto. Mpaka hapo taa ziko sawa. Linavuka Kasumbalesa, linaingia kwetu Kongo, na sisi tunaendesha kulia.

Kuanzia hapo kila kitu kimepinduka. Ule mwanga unaopanda unaingia moja kwa moja machoni pa anayekuja. Na upande wako wa kulia, kwenye ukingo, mwanga umekatwa chini. Sasa nani anapita kwenye ukingo wa kulia saa moja usiku, njia ya Kasenga au ya Likasi? Mwenye baiskeli na magunia ya makala, yaani mkaa, anasukuma, hana taa, hana hata kibati cha kung'aa, na magunia ni meusi. Anayekuja naye ana taa za Japani, anakupiga macho, wewe unakimbilia kulia kujiokoa, na kulia ndiko taa zako zisikoangalia.

Ukinitilia ampule kali katika hali hiyo, umeongeza pande zote mbili: macho ya mwenzako yanaumia zaidi, na weusi wa ukingo wako unaonekana mweusi zaidi.

Hakikisha mwenyewe. Simamisha gari mbele ya ukuta, washa kodi, funika taa moja kwa kitambaa. Mstari ukipanda kuelekea kushoto kwako, ni za Japani. Ukipanda kulia, ni za kwetu. Unaweza pia kuchungulia kwenye kioo cha taa: mara nyingi kuna mshale mdogo au herufi zinazoonyesha upande.

Dawa yake ni nini?

Dawa kamili ni kubadilisha taa nzima, mbili, kwa zile za soko la wanaoendesha kulia. Corolla, RAV4, Hilux, Hiace na Land Cruiser ziliuzwa pia kwa usukani wa kushoto huko Ghuba na kwingine, kwa hiyo taa zake zipo na vishikizi vinaingia palepale. Vitz iliuzwa Ulaya ikiitwa Yaris. IST ya kwanza iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA. Uende na taa yako ya zamani mkononi, ulinganishe vishikizi na soketi kabla ya kulipa, maana muuzaji atakuambia "ni moja tu hiyo" hata kwa taa ya friji. Kwa gari lililouzwa Japani peke yake, dawa hii haipo.

Dawa ya pili ni utepe mweusi usiopitisha mwanga juu ya kioo, kuziba ile sehemu inayopanda. Mahali pa kubandika hutofautiana kwa kila gari. Njia yangu: mtu mmoja anatazama ukutani, mwingine anapitisha vidole viwili juu ya kioo taratibu. Pale vidole vinapofuta mteremko wa kushoto bila kugusa mstari ulionyooka, weka alama. Utapoteza mwanga kidogo na ukingo wa kulia utabaki hafifu, lakini hutampiga mtu macho. Utepe huota joto, basi ukague kila baada ya siku kadhaa usije ukaunguza plastiki.

Kwa taa za lensi, zile zenye jicho la kioo la duara ndani, kuna kibati kinachokata mwanga. Fundi mzoefu anaweza kufungua taa na kukifanya kiwe cha mstari ulionyooka. Siyo kazi ya kila mtu, gundi ya taa hufunguliwa kwa joto na isiporudi vizuri maji yataingia mvua ya kwanza.

Kuzishusha taa tu, kama wengi wanavyofanya, hakuondoi shida. Ule mteremko unabaki na sasa huoni mbele.

Naweza kurekebisha uelekeo mwenyewe nyumbani?

Unaweza, na ni kazi ya furaha kidogo. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta. Matairi yawe na upepo sahihi, tanki nusu, na mtu wa kilo zako aketi kitini pa dereva, siyo mtoto. Kama kuna kitufe cha kusawazisha taa ndani ya gari, kiwe kwenye 0.

Sogea hadi kioo cha taa kiwe mita 10 kutoka ukutani. Pima kutoka chini hadi katikati ya taa, tuseme sentimita 65. Chora ukutani alama ya chaki kwa urefu uleule, 65, halafu nyingine sentimita 10 chini yake. Mstari ulionyooka wa kodi utue kwenye hiyo ya chini. Ukikosa nafasi, mita 5 na sentimita 5. Gari refu lenye taa zaidi ya mita moja kutoka chini, shusha zaidi, hadi sentimita 15 au 20 kwa mita 10. Funika taa moja unapofanya nyingine. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa, moja ya juu-chini, moja ya pembeni. Mara nyingi zimejaa vumbi, kwa hiyo tia mafuta ya kulegeza usubiri, usilazimishe, meno yake ni ya plastiki.

Kwa nini 10 kwa 10? Kwa sababu taa ya sentimita 65 inayoshuka hivyo inagusa ardhi kwenye mita 65. Hapo ndipo mwisho wa macho yako ukiwa na kodi. Kwa kilomita 80 kwa saa unatembea mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kisha breki, jumla inafika mita 55 hadi 60 kwenye lami kavu. Kwa 100 haitoshi kabisa, hata uwe na ampule ya dhahabu.

Nikipakia makala, kila mtu ananilalamikia. Mchana kutwa nilirekebisha taa!

Ulirekebisha gari likiwa tupu. Magunia manne nyuma yanashusha mkia sentimita 5 bila shida. Gari lenye urefu wa mita 2.6 kati ya matairi, hizo sentimita 5 zinainua pua kwa karibu asilimia 2. Taa uliyoishusha sentimita 10 kwa mita 10 sasa inapanda sentimita 9. Kwenye mita 50 mwanga uko usawa wa macho ya mwenye gari dogo.

Kile kitufe chenye 0, 1, 2, 3 karibu na usukani kiliwekwa kwa ajili hiyo. Kigeuze kwenda namba kubwa ukipakia, kirudishe 0 ukishusha. Katika magari mengi yanayokuja kwangu hakifanyi kazi: mota ndogo nyuma ya taa imekwama. Na kama springi za nyuma zimechoka, gari limekaa kama mbwa hata bila mzigo, anza na springi.

Rangi ya bluu inaona zaidi?

Hapana. Ampule ya halojeni iliyopakwa bluu inazuia sehemu ya mwanga wake yenyewe. Mwanga wenye bluu nyingi huchosha macho ya anayekuja, na kwenye mvua unarudi kwako kutoka kwenye lami iliyolowa.

Na ya njano kwa vumbi na moshi?

Wazee wanaikumbuka, magari ya Ufaransa yalilazimishwa taa za njano hadi 1993. Njano hupunguza mng'ao kidogo, lakini kinachosaidia kwenye vumbi la malori au moshi wa mioto ya nyika mwezi wa nane ni mahali taa ilipo: chini, karibu na bampa, yenye mwanga mpana uliolala. Mwanga unaopita chini ya macho yako haurudi machoni. Kwenye vumbi, plenfare ni ukuta mweupe. Zima, punguza mwendo.

Rampe ya LED, ule mstari mrefu wa taa, juu ya paa?

Kwa njia tupu ya mgodi, sawa. Iunganishwe na plenfare kupitia rele, izimike pamoja nayo, isiwe na swichi ya kusahau. Ndani ya mji, kwenye Chaussée de Kasenga jioni, ifunike kabisa. Na manseba, madereva wa taksi-moto, waliobandika zile LED za kumetameta mbele, pikipiki ni ndogo na mwanga unatoka sehemu moja: anayekuja hajui upo mbali au karibu.

Mwingine akinipiga macho nifanye nini?

Shusha macho kwenye ukingo wa kulia, si kwenye taa zake. Legeza mguu kabla ya kupofuka, siyo baada. Mwashie mara moja, inatosha. Usimwashie plenfare ya kisasi, maana mtakuwa vipofu wawili mnaokuja. Jicho huchukua sekunde kadhaa kurudi, na la mtu mzima huchukua zaidi. Sekunde tatu kwa kilomita 80 ni mita 66 unazotembea bila kuona.

Halafu safisha kioo cha mbele, kwa ndani. Mafuta ya vidole na mvuke wa plastiki huweka utando usiouona mchana. Usiku kila taa inageuka jua. Raba za waipa zilizokatika huchora mistari. Ukiona umefanya yote na bado kila taa ina mionzi, Mama, hapo si gari tena. Nenda kwa daktari wa macho.

Ile miwani ya njano ya madereva?

Inapunguza mwanga wote, hata ule mdogo unaokuonyesha mwenye baiskeli ya makala. Acha.

Ampule ya upande mmoja inaungua kila mwezi.

Angalia mambo haya. Je, uliishika kioo kwa vidole? Mafuta ya ngozi yanaacha doa, doa linapata joto kuliko sehemu nyingine, kioo kinavimba. Ifute kwa spiriti kabla ya kuwasha. Je, kuna maji ndani ya taa? Kofia ya mpira ya nyuma imepotea, kama kawaida. Je, taa inatikisika kwa sababu kishikizi kimevunjika? Na pima batri injini ikizunguka: ikipita volti 14.8, altaneta inachaji kupita kiasi, na volti ikizidi kwa asilimia 5 tu inaweza kuua nusu ya maisha ya ampule. Hiyo ingeua pande zote mbili, lakini aliyechoka hutangulia.

Nina Fuso, ampule mpya imekufa sekunde ileile.

Lori lako ni volti 24, umetia ya 12. Tafuta H4 iliyoandikwa 24V, 75/70.

Nije saa ngapi?

Kuanzia saa kumi na mbili jioni, jua likishashuka. Mchana nitakuangalia waya na vioo, lakini uelekeo hauonekani kwenye ukuta wenye jua. Njoo na tanki nusu. Kama gari ni la kubeba makala, njoo pia na magunia mawili matatu ya kujazia nyuma, tupime kwa mzigo. Ukija na ampule ulizokwisha kununua, weka risiti mfukoni.